Uwanjani na Mbele ya Kamera: Mwongozo wa Mwigizaji wa Dodoma

Mwigizaji aliyezoea kucheza uwanjani, mbele ya wanakijiji mia tatu wa Chamwino au Bahi, akiitwa kwenye tamthilia ya televisheni huambiwa neno moja siku nzima: "Punguza." Aliyezoea kamera akipandishwa jukwaani huambiwa, "Hatukusikii." Wote wawili wanajua kuigiza. Kinachowakwamisha ni kipimo. Sauti, jicho, mwili na muda hupimwa kwa umbali wa anayetazama, na umbali huo unaweza kuwa mita 20 leo na sentimita 50 kesho. Mhusika mwenyewe habadiliki. Anachokitaka na anachokiogopa ni kilekile.

Mwongozo huu ni kwa anayeishi Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Singida au kwingineko Kanda ya Kati, anayetaka kucheza kote kuwili.

Sentensi moja, vipimo viwili

Chukua onyesho fupi. Mama amekaa kwenye kigoda, anapeta uwele kwenye ungo. Kijana wake amefika kutoka mjini, begi bado liko begani.

KIJANA: Baba atakuja lini?
MAMA: Hatakuja. Mvua ikinyesha, utalima mwenyewe.

Uwanjani, hatari ya kwanza iko kwenye herufi moja. Sauti ya *h* ni pumzi tupu, na upepo ukivuma haifiki safu ya tatu. "Hatakuja" inageuka "Atakuja", na nusu ya watu wanaelewa kinyume cha igizo zima. Kiswahili kinabeba ukanushi, nafsi na wakati mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo mwigizaji anayemeza mwanzo wa neno anameza habari yenyewe. Fanya hivi: simamisha ungo kwanza, maana punje zinazogonga ungo zinashindana na sauti yako. Inua kichwa na kifua kuelekea kwa kijana, lakini kwa mshazari, ili uso ubaki wazi kwa watazamaji. Itoe "Ha" kwa pumzi nzito, kama anayepuliza makapi. Weka ungo chini wakati huohuo, ili hata aliye nyuma kabisa asiyesikia vizuri aone kwamba jambo limekatika. Hesabu moja, mbili. Ndipo useme "Mvua ikinyesha", na usiiache sauti ishuke kabla ya "mwenyewe". Neno hilo la mwisho ndilo linalomwangukia kijana. Likififia, onyesho halina kishindo.

Mbele ya kamera, ungo unaendelea. Unapeta, unasita kidogo, unasema, unapeta tena. Fundi sauti atakushukuru kwa huko kusita, kwani maneno yatakuwa safi. Sauti inamfuata kijana aliye hatua moja mbele yako, haizidi hapo. Usitikise kichwa, kwa sababu neno limeshakataa na ukitikisa utakuwa umekataa mara mbili. Macho yabaki kwenye uwele hadi "Hatakuja" iishe, kisha uyainue. Tukio la shoti hiyo, yaani kipande hicho kinachorekodiwa bila kukatwa, ni huko kuinua macho. "Mwenyewe" unaweza kuipunguza sauti hadi karibu na mnong'ono, mradi konsonanti zake zisikike zote.

Zoezi lake ni rahisi na halihitaji vifaa. Weka simu ikirekodi hatua 1 kutoka kwako, sema. Ipeleke hatua 10, sema. Ipeleke hatua 25, sema. Kisha mpe mtu asiyeijua sentensi hiyo asikilize na aandike alichosikia. Usimuulize kama ni nzuri, muulize ameandika nini.

Upepo, vumbi na koo

Jiji la Dodoma liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 na kiangazi chake ni kirefu. Mvua hukatika Aprili au Mei, na hairudi hadi mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kati ya Juni na Septemba upepo mkavu huvuma karibu kila siku, na huo ndio msimu wa maonyesho ya vijijini, kwa sababu mavuno yameshaingia ghalani na watu wana nafasi.

Kabla hamjapanga uwanja, chota vumbi kidogo ulirushe hewani, uone linakokwenda. Msimu huo upepo kwa kawaida hutoka mashariki au kusini-mashariki. Kama watazamaji wako upande mmoja, waigizaji wakae unakotoka upepo na watu wakae unakokwenda. Hapo upepo unaibeba sauti yako, haukurudishii kooni. Kuna faida ya pili: saa 10 jioni jua liko magharibi, migongoni mwa watazamaji, linamulika nyuso zenu na haliwachomi macho waliokuja kutazama. Linawachoma ninyi. Ili usikunje uso unapoingia, funga macho na uelekeze uso kwenye jua kwa nusu dakika, kisha tazama chini na ufungue taratibu. Mboni zitakuwa zimeshabana.

Kupasha sauti joto kunachukua dakika 15, na dakika hizo zisiliwe na jambo lolote, hata kama mgeni rasmi ameshafika. Anza na pumzi: mkono juu ya kitovu, vuta kwa hesabu ya 4, tumbo lisukume mkono nje na mabega yasipande. Toa kwa "sss" nyembamba ukihesabu hadi 15. Ukiweza mara tano bila sauti kutetemeka, siku nyingine nenda 20, kisha 25. Baada ya pumzi, vumisha "mmm" kwa dakika mbili mpaka midomo iwashe kidogo. Fungua mvumo huo kwenye irabu, maa, mee, mii, moo, muu, kila moja kwa urefu wa pumzi moja. Malizia na ulimi: "Katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata kukata mkataba." Isome polepole mara tatu, haraka mara tatu, kisha polepole tena. Ile ya mwisho ndiyo inayoonyesha kama ulimi umelegea au umechoka.

Kosa linaloharibu koo za waigizaji wengi ni kutafuta ukubwa wa sauti kwa kuipandisha juu. Sauti ikipanda, misuli ya shingo inakaza, mishipa inatokeza, na baada ya nusu saa unaanza kukohoa kikavu. Ukubwa unatoka kwenye pumzi, tumboni, na kwenye mdomo uliofunguka. Jipime: weka vidole viwili ubavuni mwa koo, sema "Njooni hapa!" kama unaita watu ng'ambo ya korongo. Kama vidole vimesukumwa na misuli, umetumia shingo. Rudia huku ukiteremsha mabega na kuirefusha irabu, "Njooo-ni". Irabu ndiyo inayosafiri. Konsonanti zinaipa maana tu.

Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Maji ya dakika tano kabla ya kuingia yanalowesha mdomo tu, kwa sababu yanapita njia ya chakula na nyuzi za sauti hayazigusi. Soda kabla ya kucheza iache, itakucheusha katikati ya sentensi. Mkisafiri nyuma ya pikapu kwenda kijijini, funga pua na mdomo kwa leso ya pamba yenye unyevu na usiongee njiani, maana vumbi la barabara na kelele za injini humaliza sauti kabla ya kazi. Sauti ikikwaruza, nyamaza kabisa; kunong'ona hakuipumzishi. Ikipita wiki tatu bado inakwaruza, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Duara chini ya mbuyu

Vijijini mara nyingi hakuna jukwaa. Watu wanazunguka pande zote, na hapo ndipo penye shule bora ya mwili kuliko ukumbi wowote wenye pazia. Anayejua kucheza kwenye duara hapati shida popote.

Chora mduara kwa majivu, upana wa hatua 8 hadi 10 za mtu mzima. Majivu yanaonekana vizuri kwenye udongo mwekundu na watoto wanayaheshimu kuliko kamba. Lakini watoto wanasogea. Kila wakicheka wanasogea, na katikati ya igizo uwanja umebaki nusu. Mpe mwigizaji mmoja kazi ya kuwarudisha akiwa ndani ya uhusika wake, mlevi anayepepesuka kuelekea kwao au bibi mwenye fimbo. Mkisimamisha igizo ili mtu awafokee, mmelipoteza.

Mnapozungumza wawili, msikaribiane. Mkisimama hatua 4 au 5 mbali, kila mmoja anawaonyesha uso watu walio nyuma ya mwenzake, na duara lote linaona angalau uso mmoja. Mkisogeleana, pande mbili nzima zinaona migongo. Mwenye maneno marefu asipitishe sentensi tatu akiwa ameupa upande uleule mgongo. Ageuke pale wazo linapogeuka, isiwe katikati ya neno. Na utembee kwa kukata duara, maana kufuata ukingo kunakufanya uonekane kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

Ngoma ndizo zinazokusanya watu. Muheme, ngoma ya Wagogo, ikipigwa na akina mama, watu wanafika kutoka vitongoji vya mbali, na ni busara kuipa nusu saa nzima kabla ya igizo. Patana na wapigaji ishara ya kunyamaza, na ngoma inyamaze kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Ikikatika juu ya sentensi yake ya kwanza, hiyo imeenda na watu watahangaika kuelewa ni nani kaingia. Kisha salimia kwa Kigogo: "Mbukwenyi!" Sikiliza itikio linatoka wapi. Upande usioitikia haujakusikia, na umejua hilo kabla igizo halijaanza.

Lafudhi

Sokoni Majengo asubuhi moja utasikia Kigogo, Kirangi, Kinyaturu na Kihehe ndani ya Kiswahili cha watu tofauti. Hiyo ni hazina ya mwigizaji wa hapa. Usiifute lafudhi ya nyumbani. Jifunze kuiweka kando na kuichukua tena unapoitaka.

Anza na jozi zinazobadili maana: *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*, *dhana* na *zana*, *thamani* na *samani*. Zitie kwenye sentensi, "Mahari ililipwa mahali palepale", "Zana hizi zina thamani kuliko samani zile", urekodi dakika 10 kila siku kwa wiki tatu. Ukitaka lafudhi ya pwani, tafuta rekodi ya mtu mmoja halisi anayezungumza kwa kawaida, uigize pumzi zake na mahali anapovuta irabu kabla hujaigiza maneno. Anayeiga "watu wa pwani" kwa jumla hutoa kikaragosi. Na hili tunalisema kwa uchungu: mhusika wa Kigogo hajawa kichekesho kwa sababu tu anazungumza Kigogo. Ukipewa nafasi hiyo na skripti haina kingine cha kuchekesha, mwombe mwongozaji mtafute anachokitaka huyo mtu.

Kadi ya kila sini

Igizo la jukwaani linakwenda kutoka mwanzo hadi mwisho, moto wa hisia unapanda wenyewe. Filamu hushutiwa vipande, kila sini (onyesho moja la hadithi) kwa siku yake: Jumatatu sini ya 42, Jumatano sini ya 3, kwa sababu nyumba imekodiwa siku hizo au mtoto wa sini ile yuko shule. Usipokuwa na ramani, sini ya 3 utaicheza na majonzi ya sini ya 42, na mhariri hataweza kuyatoa.

Andika kadi ya karatasi kwa kila sini yako. Namba, mahali na saa ya ndani ya hadithi. Nilikuwa wapi dakika kumi zilizopita. Nataka nini kwa huyu aliye mbele yangu, kwa kitenzi kimoja: anisamehe, aondoke, akiri. Hali ya mwili: nina njaa, nina jasho, nimetembea vumbini. Nguo. Mwisho, moto kwa namba kati ya 1 na 10. Mama yule wa uwele yuko kwenye 4, kwa sababu habari ya mumewe ameijua tangu jana na machozi yameshakauka. Kama sini iliyotangulia ilikuwa 8, kadi itakuzuia kuingia na 9 bila sababu.

Maneno yajifunze bila tuni. Yaandike kwa mkono, rekodi maneno ya wenzako kwenye simu ukiacha nafasi za kwako, kisha yajibu ukiosha vyombo au ukipiga pasi. Mikono ikisimama ili ukumbuke, hujayashika bado. Anayekariri pamoja na mdundo wa sauti anajifunga: mwongozaji akisema "jaribu kwa hasira kidogo", maneno yanamtoroka. Kwa makadirio, ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja ya picha, hivyo kurasa nne ni dakika nne; kuzishika kichwani ni kazi ya siku tatu, na usiku wa mwisho ni wa kulala.

Siku ya kushuti

Jua la Dodoma saa 6 mchana liko utosini na linachimba mashimo meusi chini ya nyusi. Macho yako hayataonekana hata ulie kiasi gani. Mwongozaji anayejua atapanga nje saa 1 hadi 3 asubuhi na saa 10 hadi 12 jioni, na katikati mkafanya za ndani. Ndani nako kuna mabati. Yakipata joto asubuhi hutanuka na kulia "ta, ta", jioni yakipoa hulia tena. Fundi sauti akiomba msubiri, baki ulipo, tazama chini, ukae na pumzi ya mhusika. Ukianza kupiga soga utaanza upya kujikusanya.

Kitenge kipya chenye wanga kinakwaruza maikrofoni ndogo inayobandikwa kifuani, na kila ukipumua rekodi inaingia mchakacho. Kifue mara mbili kabla ya siku hiyo. Vua bangili zote ambazo mhusika hazihitaji.

Sakafuni kutakuwa na alama ya utepe unapotakiwa kusimama, na ukiikosa kwa unyayo mmoja uso unatoka kwenye ukali wa picha. Usiitazame. Simama juu yake, sema neno lako la mwisho kimoyomoyo, kisha rudi kinyumenyume hadi unapoanzia ukihesabu hatua. Sasa unajua ni hatua ngapi na uanze na mguu upi.

Kwa kawaida huanza shoti pana, kisha kamera inasogea. Usiyamwage machozi yote kwenye shoti pana, ambapo uso wako ni mdogo kuliko punje. Lakini matendo yawe yaleyale. Ukishika kikombe kwa mkono wa kulia kwenye neno "mvua", kila teki, yaani kila shoti inaporudiwa, ukishike kwa kulia kwenye neno "mvua", la sivyo kikombe kitaruka mkono mbele ya watazamaji. Ndiyo maana anayejua huchagua matendo machache. Sini ya kula ndiyo inayoumbua wageni: wanamega matonge makubwa ya ugali teki ya kwanza kwa sababu wana njaa, na kufikia teki ya kumi wameshiba hadi wanachukia chakula. Mega tonge la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, chovya kwenye mlenda, tafuna polepole, na sentensi ianze kinywa kikiwa kitupu.

Kamera ikiwa karibu, mtazame mwenzako kwenye jicho moja tu, lile lililo karibu na lenzi. Uso wako utafunguka, na mboni hazitacheza huku na huku. Usimkatize mwenzako maneno yakagongana, kama hamkupatana, kwani mhariri hataweza kuyatenganisha. Na ukimaliza sentensi yako ya mwisho, baki ndani ya mhusika kwa sekunde tatu, hata kama unahisi umekosea. "Kati", neno la kusimamisha kamera, huisema mwongozaji. Kipande hicho cha kimya mara nyingi ndicho kinachotumika.

Video ya usaili

Siku hizi usaili wa kwanza hufanyika kwa simu. Laza simu kwa mapana, usawa wa macho yako, juu ya ndoo mbili zilizopandana kama huna kishikio. Kaa mita moja na nusu kutoka kwenye simu na mita moja kutoka ukutani. Ukuta uwe mtupu. Shuka lenye maua nyuma yako linaigiza kukuzidi. Picha ianzie kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Dirisha liwe mbele yako au ubavuni, kamwe lisiwe nyuma. Ukiona michirizi inayotembea kwenye picha, ni taa: umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na simu inayorekodi fremu (picha) 30 kwa sekunde haikubaliani nao. Weka fremu 25 kama simu inaruhusu, au zima taa utumie dirisha.

Anayekusomea maneno ya wengine asimame karibu kabisa na simu, asome polepole, na sauti yake iwe chini kuliko yako. Kosa la kawaida ni msomaji aliye karibu na maikrofoni anayesikika kama mhusika mkuu. Zima feni. Anza kwa kutaja jina, urefu, unapoishi na lugha unazozungumza. Kigogo au Kirangi vitaje, vina soko lake. Tuma teki mbili zinazotofautiana kweli, moja mama amekubali na nyingine mama bado anabisha. Usitume tano. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa sababu ikienda kama video ya kawaida inabanwa na uso unakuwa ukungu. Ipe faili jina lako na jina la mhusika.

Wakikuita Dar es Salaam kwa raundi ya pili, treni ya SGR iliyozinduliwa Agosti 1, 2024 imeondoa sababu ya kuhama mkoa ili uwe mwigizaji. Zaidi ya kilomita 450 zinamalizika kwa takriban saa 4, unaweza kwenda asubuhi na kurudi usiku. Nauli yako itoe kwa raundi ya pili tu. Anayekuita raundi ya kwanza ana kwa ana, bila kuomba video wala kutuma kurasa za skripti, muulize kwanza anatafuta mhusika gani.

Kupanga miaka

Ukitaka kusoma maisha ya mwigizaji wa pande zote, usianze na tuzo. Angalia alikuwa anafanya nini kila mwaka. Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico mwaka 1983, alisimama jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14. Baadaye alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye filamu za wengine, akaonekana kwenye tamthilia ya vijana iliyoshutiwa Nairobi mwaka 2009, akamaliza shahada ya uigizaji Yale mwaka 2012, akapata Oscar Machi 2014. Mwaka 2016 alikuwa Broadway, jukwaani, na kuteuliwa kuwania tuzo ya Tony. Angalia mpangilio huo: jukwaa, nyuma ya kamera, skrini, darasa, skrini, jukwaa. Hapa nyumbani mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012, alipitia kundi la maigizo la Kaole Sanaa Group kabla jina lake halijajaa kwenye filamu. Na Hukwe Zawose, mwana wa Wagogo aliyefariki mwaka 2003, aliubeba muziki wa zeze na ilimba kutoka vijijini Dodoma hadi majukwaa ya Ulaya, huku akifundisha Bagamoyo.

Mwaka wako unaweza kuupanga kwa misimu. Juni hadi Septemba ni maigizo ya vijijini, mwili na sauti. Msimu wa mvua, watu wakiwa shambani, ni wa redio, video za usaili na kusoma. Chagua kazi moja ya jukwaani yenye maneno mazito kila mwaka; tafsiri za Shakespeare alizofanya Mwalimu Nyerere, ikiwemo *Mabepari wa Venisi* ya mwaka 1969, zinanyoosha pumzi na ulimi kuliko zoezi lolote, kwa kuwa sentensi ni ndefu na haziruhusu uvivu. Ukitaka chuo, TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, hufundisha kwa vitendo, na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, iko hapahapa. Na angalau mara moja kwa mwaka fanya kazi nyuma ya kamera, hata kubeba ubao wa sini. Siku tatu za kumtazama mhariri akitafuta sekunde mbili safi zitakufundisha kwa nini unaambiwa ubaki kimya baada ya neno la mwisho.

Karatasi

Filamu na michezo ya kuigiza husimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976, na kibali ni kazi ya mtayarishaji. Uliza kipo kabla hamjaanza, kwa sababu kazi ikizuiwa nawe siku zako zimezuiwa. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, inahusika na usajili wa wasanii, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na haki za kazi zenu.

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha ukiwa na haya: siku ngapi na saa ngapi kwa siku, kiasi na tarehe ya kulipwa, nani analipa usafiri, chakula na malazi, kodi ya zuio inakatwa au la, kazi itaonyeshwa wapi, na malipo gani yatakuja ikihamishiwa kwingine. Omba sehemu ya malipo kabla ya siku ya kwanza. Ngazi, maji, kupigwa kofi, kupanda pikipiki: kila tendo la hatari liandikwe, na lifanyiwe mazoezi siku nyingine, si asubuhi ya kushuti. Mwisho kabisa ni jina lako litakavyoandikwa kwenye orodha ya washiriki. Chagua moja na ulitumie hilohilo kila kazi, herufi kwa herufi, kwa sababu anayekutafuta miaka mitano baadaye atalitafuta jina hilo. Piga picha kila ukurasa uliotiwa saini kabla hujaurudisha mezani.